Safu ya Kushoto

Tapani, mwenye duka, huamini safu ya kulia:
safu ya jumla, yenye tarakimu nene.
Mimi husoma ya kushoto, yenye majina ya gemu,
na pembeni, kwa penseli, nani kachukua.

Saa tisa alasiri, na giza limeshaishika Oulu.
Theluji imefika kwenye kingo za dirisha.
Wateja huingia wakikung'uta viatu
kama watu wanaoomba radhi.

Wachezaji wenyewe nawajua kwa hatua.
Hawaulizi. Moja kwa moja hadi rafu ya nyuma,
kwenye majoka, kwenye vita, kwenye panga zitoazo moshi.
Hulishika kasha kama daktari ashikavyo picha ya mapafu,
kisha hulirudisha. "Nitangoja lishuke bei."
Hii konsoli nyeupe wanaijua hadi skrubu
na wanaidharau: ya kitoto, wasema, haina nguvu.

Daftari halina dharau.
Novemba, gemu la joka: kopi tatu.
Gemu la kuviringisha tufe na kuangusha vigingi:
mia moja na kumi na nne.
Nilihesabu upya, nikidhani kidole kimeteleza.

Ni nani hao?

Raili Kemppainen, asukumaye theluji kwa trekta la manispaa.
Mchungaji wa Kilutheri, aliyetaka risiti kwa jina la kanisa.
Muuguzi wa zamu ya usiku, nyumba ya wazee ng'ambo ya mto.
Mume na mke walionuniana, wakanunua rimoti nne;
nikajua wanatarajia wageni, au wanawaomba waje.
Na karibu wote walianza hivi, kabla hata ya salamu:
mimi si mchezaji, ila nataka lile la vigingi.

Kelele ilikuwa rafu ya nyuma.
Kodi ya duka ilitoka kwa wasio wachezaji.

"Inapendwa!" akasema Tapani, akaagiza gemu mpya hamsini,
za mafumbo, za mapishi, za mbio za paka.
Zikakaa. Februari zikawa bado zimekaa,
nailoni haijachanwa, vumbi juu yake kama unga.
Nikamwambia: inapendwa, ndiyo,
kama chungu cha Krismasi kinavyopendwa.
Chakula kimoja, chungu kimoja, kisha kabatini.
Hakuna arudiye dukani kutafuta chungu cha pili.
Hakunielewa. Au alinielewa,
akaangalia zile hamsini, akanyamaza.

Machi akaja kijana, Eero, na mfuko wa plastiki.
"Ya bibi," akasema. "Hatuna pa kuiweka."
Nikampa euro thelathini. Hakuzihesabu.

Mtumba lazima ujaribiwe kabla ya kufutwa.
Nikaiwasha. Ndani, diski ya vigingi, ile ile, peke yake.
Wachezaji wawili: Sinikka, miwani na nywele za kijivu,
na Veikko, kipara, masharubu yaliyochaguliwa kwa makini.
Veikko ashinda. Veikko ashinda. Veikko ashinda.
Kurasa kumi na saba za ushindi wa Veikko.
Nikakumbuka penseli yangu, tarehe tatu Desemba:
"mjane, rimoti moja inatosha."

Yaani alirusha kwa mkono wa kulia kwa niaba yake,
na kwa wa kushoto akajirushia mwenyewe.

Katika daftari hiyo ni kopi moja.
Ina uzito sawa na ya mchungaji,
sawa na ile ya joka iliyonunuliwa na mtu
aliyeimaliza kwa siku mbili, akairudisha akilalamika.

"Ile ya vigingi," Tapani akaita kutoka ghalani,
"tumeuza ngapi kwa jumla?"
Sikumjibu mara moja.
Mchezo wa mwisho ulikuwa haujaisha.
Fremu ya nane, na kioo kinasubiri:
zamu ya Veikko.

Nikatazama mlangoni. Hapakuwa na mteja.
Nikarusha.
Vikaanguka sita.